Nilikatika Kano Nikisukuma Mashua

Sauti niliisikia kabla ya maumivu. Ta! Kama mtu kavunja fito kavu kwa goti. Nikageuka kwa hasira kumtafuta aliyenipiga teke kisiginoni, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Palikuwa na mchanga, mwani, na alama za nyayo zangu mwenyewe.

Ilikuwa Mikindani, siku ya bamvua. Mashua ya mjomba ilikuwa imelala pwani wiki mbili ikikalafatiwa na kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na kwa kuwa maji ya bamvua ndiyo hupanda juu kuliko siku nyingine zote, mjomba alitaka iingie baharini asubuhi hiyohiyo. Tukajipanga wanaume wanane, wanne huku na wanne kule, magogo chini ya mkuku. Mimi nilikuwa nyuma kabisa upande wa kulia. Mguu wa kulia nimeurudisha nyuma, goti limenyooka, vidole vimezama mchangani. Mjomba akaita, tukaitikia, mashua ikatikisika kidogo. Akaita mara ya pili. Ta.

Nina miaka 43. Mimi ni karani wa ghala. Msimu wa korosho ukianza nashinda mezani na mizani na madaftari, na ukiisha nashinda mezani vilevile, bila mizani. Nilikuja kuambiwa kwamba jeraha langu linawapenda hasa watu wa sampuli yangu: mwanaume wa kati ya miaka 30 na 50, mkaa kitini, anayekumbuka ujana wake siku moja kwa mwezi.

Mahali pa kwanza nilipopelekwa sitapataja. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa yote mizima. Mhudumu akaniambia nichezeshe vidole vya mguu, vikacheza. Akaniambia nisukume unyayo kama mtu anayekanyaga breki, ukashuka kidogo. "Umeteguka tu, baba," akasema. Nikafungwa bandeji, nikapewa vidonge vya maumivu, nikarudi nyumbani nikiwa nimeshukuru kabisa.

Simlaumu sana sasa, maana najua kilichomponza. Eksirei ni ya mifupa. Kano, yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, ikikatika haionekani humo kama mfupa uliovunjika. Na unyayo hauvutwi chini na kamba moja peke yake. Ipo misuli mingine, miembamba, inayopita nyuma na pembeni ya kifundo cha mguu kwenda vidoleni na chini ya unyayo, na yangu ilikuwa salama. Hiyo ndiyo iliyochezesha vidole, ikatoa ushahidi wa uongo mbele ya mtu mwenye haraka.

Siku tisa nilichechemea. La ajabu, maumivu yalipungua upesi. Kilichogoma ni kitu kimoja tu: kunyanyua kisigino. Ngazi mbili za baraza yetu zikawa mlima. Mama ndiye aliyegundua. Usiku wa tisa alikuwa ananichua kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kidole gumba chake kikapanda kutoka kisiginoni, kikafika mahali kikazama.

"Hapa pana shimo, mwanangu."

Nikapeleka kidole changu. Kweli. Pale ambapo kila mtu ana kamba ngumu nyuma ya mguu, kama vidole vitatu juu ya kisigino, mimi nilikuwa na bonde laini.

Asubuhi nikaenda mjini Mtwara, hospitali nyingine. Huko nikapelekwa kwa dada mmoja wa fiziotherapia, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Hakuniuliza maswali mengi. Akanilaza kifudifudi, nyayo zikaning'inia nje ya kitanda, akaomba simu yangu, akawasha kamera, akampa mwanafunzi wake aishike. Kisha akabinya shavu la mguu wa kushoto, ile nyama nene nyuma ya muundi. Unyayo ukaitikia kwa kuinama chini, kama mtu anayesema ndiyo. Akabinya la kulia.

Video hiyo bado ninayo. Nimeitazama mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Vidole vyake vinabinya, nyama inasogea, unyayo uko kimya. Anabinya tena, kimya. Ni kama kengele ya mlangoni iliyokatwa waya: kitufe kinabonyezwa, na ndani hakuna anayesikia.

"Kano ya kisigino imekatika yote, kaka. Pole sana. Lakini hatujachelewa."

Akanieleza kwamba shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa iliyolaliana. Wa juu una vichwa viwili na umefungwa nyuma ya mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Wa chini yake umeanzia kwenye mifupa ya mguu yenyewe, chini ya goti. Yote miwili huungana kuwa kano moja nene inayoshuka hadi kwenye mfupa wa kisigino. Misuli ikijikunja, kano huvutwa juu, kisigino kikapanda, nawe ukasimama kwa vidole. Misuli yangu ilikuwa mizima na kisigino kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni kamba ya katikati.

Nilifungwa hogo, yaani plasta ngumu, siku hiyohiyo, unyayo ukielekezwa chini kama wa mtu anayechungulia juu ya ukuta, ili ncha mbili za kano zikutane. Upasuaji ulikuwepo kama njia nyingine, tukauzungumza, lakini kwa jeraha bichi la namna yangu hogo likifuatwa na mazoezi ya mpangilio huponya wengi vizuri. Nikakubali. Sipendi visu.

Mjomba alikuja kunitazama siku ya tatu. Ameacha unahodha kwa sababu ya macho, lakini mashua bado ni yake, na aibu ya mguu wangu aliibeba kana kwamba yeye ndiye aliyenikata.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwipwa wangu. Mguu unasemaje?"

"Kano ya nyuma imekatika, mjomba. Wakati tunasukuma."

Akanyamaza kitambo, akiangalia hogo. Mama alikuwa ametuwekea sahani ya ming'oko iliyochemshwa. Akachukua mmoja, akamenya polepole.

"Hapo sielewi. Kamba haikatiki kwa kusukuma. Tangu nimezaliwa sijaona kamba iliyosukumwa ikakatika. Kamba hukatika kwa kuvutwa."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, maana usiku ule sikulala kwa swali hilo. Mimi nilikuwa nasukuma. Mwili wangu wote ulikuwa unasukuma. Sasa nani alikuwa anavuta?

Nilipomuuliza dada wa fiziotherapia safari iliyofuata, alinijibu bila kuinua macho kwenye daftari lake: "Mwilini hakuna msuli unaosukuma, kaka. Hata mmoja." Tuna misuli ya namna hiyo, ile iliyoshikamana na mifupa, zaidi ya 600, na kazi inayoijua yote ni moja: kujikunja na kuvuta. Ukisukuma ukuta, mlango, mashua, ni kwa sababu ndani yako kitu kimevuta mfupa mahali fulani, na mfupa ukazunguka kwenye kiungo chake.

Lijaribu hilo hapo ulipo. Weka kiganja chini ya meza kana kwamba unataka kuinyanyua, halafu kwa mkono wa pili shika sehemu ya mbele ya mkono, juu ya kiwiko. Utakuta msuli umejikusanya kama paka aliyelala. Sasa hamisha kiganja kiwe juu ya meza, ikandamize. Wa mbele umelegea, na nyuma ya mkono umeamka mwingine. Huo wa nyuma umefungwa kwenye ncha ya kiwiko, ile unayoegemeza mezani. Ukivuta ncha ile kwenda juu, mkono unanyooka, na kiganja kinakwenda mbele. Wewe unaona umesukuma. Ndani, kamba imevutwa.

Goti ni hivyohivyo: msuli mnene wa mbele ya paja hupita juu ya pia ya goti ukashika mfupa wa muundi, ukivuta, mguu unanyooka. Na kisigino nimeshakieleza. Kwa hiyo asubuhi ile tulikuwa wanaume wanane tunasukuma mashua, na ndani ya ngozi zetu hakuna kilichosukuma.

Nilimrudishia mjomba jibu hilo kama mtoto aliyefaulu mtihani. Hakushangaa hata kidogo. "Ndiyo," akasema, "ndiyo maana kila kamba ya tanga ina mwenzake." Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini misuli huenda jozi. Kama kuvuta ndiyo kazi pekee, aliyekunja mkono hawezi kuunyoosha. Anahitaji mwenzake wa upande wa pili. Wa mbele ukivuta, wa nyuma lazima ulegeze, tena polepole, kama baharia anayeachia demani, ile kamba ya kuzuia tanga, mkono kwa mkono. Asipoachia hakuna kinachosogea. Akiachia ghafla tanga linapiga na mtu anaweza kurushwa baharini.

Jambo lililonikera kama karani wa mizani ni mahali kamba zilipofungwa. Huo msuli wa mbele ya mkono, unaokunja kiwiko, kano yake ya chini imeshika mfupa wa upande wa dole gumba karibu mno na kiwiko, kama sentimita 5 tu. Kiganja kiko mbali, sentimita 35 hivi. Anayejua kutumia mtarimbo ameshaona tatizo. Ukishika dumu la maji la lita 5 na kiwiko kimekunjwa sawasawa, maji ni kilo 5, lakini msuli unavuta kama kilo 35, bado uzito wa mkono wenyewe. Mimi ningeifunga kamba karibu na mzigo. Fundi yeyote angefanya hivyo.

Lakini nikawaza tena. Msuli haujikunji sana. Hauwezi kufupika hadi nusu ya mkono. Kamba ikiwa karibu na kiwiko, msuli ukifupika sentimita 1, kiganja kinapanda sentimita 7, na kwa kasi mara 7. Tumepewa mwendo, tunaulipia kwa nguvu. Mvuvi anayerusha kimia, mtoto anayerusha jiwe kwenye mwembe, wote wanaishi kwa hesabu hiyo.

Malipo yenyewe huangukia kano. Mtu akikimbia, kano ya kisigino hubeba mvuto wa mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Mimi nina kilo 74. Nikikimbia kuwahi daladala ya Mtwara, kamba isiyozidi unene wa kidole gumba nyuma ya mguu wangu inashika kati ya kilo 440 na 590. Gunia la kilo 80 tukilipandisha ghalani vijana wanapokezana. Nihesabie ni magunia mangapi.

Nilipoanza kutembea kwa magongo nilikuwa na mahali pawili pa kwenda: baraza ya jirani yetu mchonga mpingo, na bucha. Bucha kwanza. Nilikuwa nimenunua nyama hapo miaka mingi bila kutazama juu. Mbuzi wote walikuwa wametundikwa kwa kano hiyohiyo! Mchinjaji hutoboa ngozi kati ya kano na mfupa nyuma ya mguu, akapitisha kulabu, na mbuzi mzima akaning'inia hapo, kutwa nzima, bila kano kukatika. Wanaanatomia wa Ulaya waliipa jina la Achilles, shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, ambaye mama yake alimchovya mtoni amemshika kisigino, na hapo maji yasipopita ndipo mauti yalipopitia. Muuza nyama wetu hamjui Achilles, lakini hakuna siku aliyowahi kutundika mbuzi kwa kitu kingine.

Nikamwomba anikatie mguu wa nyuma bila kutenganisha nyama na kwato. Nikakaa uani na kisu kidogo. Kila mpishi anaujua ule utando mweupe unaong'aa juu ya nyama, unaokaa kwenye meno. Nilikuwa nikiudhani takataka. Ukiufuata kwa subira, unaona kwamba nyama ni vifurushi ndani ya vifurushi: nyuzi zimefungwa pamoja kwa utando, fungu limefungwa na mengine kwa utando mwingine, na msuli mzima umevikwa utando wa nje. Kuelekea kwenye kifundo nyama inapungua, inapungua, inaisha, tando haziishi. Zinakusanyika na kukazana zikawa kamba nyeupe. Kwa hiyo kano haikushonwa kwenye msuli. Ni vitambaa vya vifurushi vyote vilivyosokotwa pamoja, kama kamba ya usumba inavyosokotwa kutoka nyuzi za kumbi.

Upande wa mfupa nilitegemea kuona mahali pa gundi, nikakosa. Kisu kilikwama. Nyuzi za kano huzama ndani ya mfupa wenyewe. Huitwa nyuzi za Sharpey, kwa jina la William Sharpey, mwanaanatomia Mskoti wa karne ya 19. Tena hazizami ghafla. Kano hugeuka kuwa gegedu, ule mfupa laini kama wa sikioni, gegedu ikaanza kuingiwa madini, ndipo ukafika mfupa, yote hayo katika nafasi ndogo kuliko punje ya mchele. Mjomba nilipomweleza hilo alitikisa kichwa kwa kukubali. Kamba ya nanga, alisema, mara nyingi hukatikia pale inapoingia kwenye chuma, kilaini kinapokutana na kigumu bila kitu cha kati. Mwili umeweka cha kati.

Yangu haikukatikia huko. Ilikatikia juu kidogo, mahali ambapo damu hufika kwa uchache, na kisichofikiwa na damu vizuri hukarabatiwa polepole.

Hapo niseme jambo moja ambalo ningependa kila anayenunua dawa bila cheti alisikie. Dada wa fiziotherapia aliniuliza kama miezi ya karibuni nilimeza siprofloksasini. Nilimeza. Nilikuwa na homa ya tumbo, nikajinunulia dukani kama tunavyojinunulia wote. Dawa za jamii hiyo zinajulikana kudhoofisha kano, hasa ya kisigino, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza zibandikwe onyo lake kali kabisa kwa sababu hiyo. Sitaapa kwamba ndizo zilizonikata. Kiti cha ofisi nacho kina kesi ya kujibu. Lakini sizinunui tena kama karanga.

Supu ya kongoro nayo kila mgeni aliyekuja kunipa pole aliniagiza ninywe. Hoja yao ni kwamba kongoro ni kano tupu, kwa hiyo itaunga kano. Ni kweli kwamba kano za ng'ombe ndizo zinazoifanya supu inate midomoni: protini yake, kolajeni, ikichemka sana huyeyuka. Ila ikifika tumboni humeng'enywa vipandevipande kama protini ya maharage au samaki, haina ramani ya kisigino. Nilikunywa hata hivyo, sana. Ni tamu.

Samaki ndio walionifundisha sehemu ngumu, yaani jinsi msuli unavyovuta. Ndani ya kila uzi wa nyama kuna nyuzi ndogo zaidi, nene na nyembamba, zimepangwa kwa kupishana. Zile nene zina vichwa vidogo vingi. Amri ikishuka kutoka kwenye neva, kalsiamu inamwagika ndani ya uzi, na kila kichwa kinashika uzi mwembamba, kinauvuta, kinauachia, kinashika mbele zaidi. Ni watu wanavuta juya ufukweni: hakuna anayefupika, kamba ndiyo inayopita mikononi. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1954 na makundi mawili kwa wakati mmoja, la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na la Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao wawili hawakuwa na undugu, jambo linalonifurahisha bila sababu ya maana.

Kilichonishangaza ni kwamba kuni za mwili zinahitajika ili kichwa kiachie. Kushika ni rahisi. Kuachia kuna gharama. Kila mwenyeji wa pwani ameuona ushahidi sokoni. Samaki akifa, kuni zinaisha, vichwa vyote vinabaki vimeng'ang'ania, na samaki anakakamaa kama ubao. Baadaye nyuzi zinaanza kumeng'enyeka zenyewe, naye analegea. Ndiyo maana mama akinunua changu humshika kichwa na kuona kama mkia unainama. Ukining'inia, anamrudisha mezani.

Kwa mchonga mpingo niliketi zaidi kwa sababu ya kivuli na maneno. Yeye ana maumivu yake: nje ya kiwiko cha mkono wa tezo. Analalamika kiwiko, na hakuna aliyewahi kumgonga kiwiko. Nikamwomba aweke kiganja cha kushoto juu ya mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo, kisha achezeshe vidole kama anapiga kinanda. Akachezesha. Akatoa macho.

"Mbona vinacheza huku?"

Ndiyo. Ndani ya vidole vya mkono hamna msuli wa kuvikunja. Ipo misuli midogo kiganjani, lakini ile yenye nguvu ya kushika tezo iko mkononi karibu na kiwiko, na kano ndefu hupita kwenye kifundo kama kamba kwenye kapi hadi vidoleni. Inayoshikilia kifundo kisianguke wakati wa kuchonga imefungwa kwenye kinundu cha mfupa nje ya kiwiko. Kila pigo la tezo huvuta pale. Anapiga mangapi kwa siku? Akaanza kuhesabu, akaacha.

Mwanangu wa miaka minane alikuwa anatusikiliza. Kesho yake kuku alichinjwa, na akaniletea mguu uliokatwa, kipande cha manjano chenye makucha. Juu kwenye mkato kulikuwa na ncha nyeupe ndogo zimechomoza. Akashika moja kwa kucha, akavuta. Vidole vya kuku vikafumba. Akaachia, vikafumbuka kidogo. Akavuta nyingine, ya upande wa mbele, vikafumbuka vyote. Mchezo huo nilikuwa nikiucheza utotoni kumtisha dada yangu. Sikuwahi kujua ninachokishika.

Alipouchoka akaniuliza kama mijusi mikubwa ya kale ya Lindi, zile dinosaria, nayo ilikuwa na kamba. Walisomeshwa habari zake: mifupa iliyofukuliwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ikabebwa kwa mabega ya wapagazi hadi bandari ya Lindi ikapelekwa Ujerumani, ambako mmoja amesimamishwa Berlin ana urefu wa kwenda juu wa zaidi ya meta 13. Nyama yake iliisha zamani mno. Lakini kamba huacha alama. Mfupa unaovutwa siku zote hujijenga pale unapovutwa, ukatoa kinundu au mkwaruzo, na nyuma ya mfupa wa paja wa mijusi ile kuna mahali pa namna hiyo, ambapo msuli mnene wa mkia ulishika ukauvuta mguu kwenda nyuma. Wataalamu husoma mifupa mitupu na kurudisha misuli. Mwanangu alifurahi. Mimi nilibaki nikiwafikiria wapagazi, na kano zao, na ile njia.

Hogo la kwanza lilikaa wiki 4, la pili, unyayo umepandishwa kidogo, wiki 4 nyingine. Lilipotolewa nilitazama mguu nikadhani ni wa mtu mwingine. Shavu la kushoto lilikuwa sentimita 38 kwa tepu, la kulia 34 na nusu. Msuli usiovuta hujila. Nikakata soli za ndala za zamani vipande vitatu, nikavipanga ndani ya kiatu chini ya kisigino, na kila baada ya wiki mbili nikatoa kimoja.

Hapa ndipo tulipogombana nyumbani. Mguu ulikuwa umekaza, na kila mtu aliona dawa yake ni kuunyoosha: mama kwa kuchua na kuvuta unyayo juu, mimi kwa kusimama na kisigino nje ya ngazi. Dada wa fiziotherapia alikataa katakata. Kano ikiunga ikiwa imerefuka, alisema, msuli utavuta bure. Utafupika wote na kisigino hakitapanda. Nilimpelekea mjomba, kwa kuwa mama hakunisikiliza. Mjomba akamwita dada yake, akamwambia: "Kamba mpya ikinyooka ikawa ndefu, demani inavutwa na tanga halishiki upepo. Mwache." Mama akaacha. Yangu ilikuwa sayansi, lakini ya mjomba ilikuwa amri.

Mazoezi ni yaleyale kila asubuhi, nimeshika fremu ya mlango. Kunyanyua visigino vyote viwili, kisha kushuka kwa kuhesabu hadi sita, na kushuka ndiko kunakochosha, maana msuli unalazimika kushikilia huku ukirefuka. Mara ya kwanza goti limenyooka, kwa ajili ya msuli wa juu unaoanzia nyuma ya paja. Mara ya pili goti limekunjwa, wa juu umelegezwa, wa chini unabaki na kazi peke yake. Ilipita miezi mitano kabla ya kisigino cha kulia kuachana na sakafu bila msaada wa kushoto, nafasi ya kupitisha kadi ya simu.

Kwenye fremu hiyo mwanangu amechora mistari ya penseli. Mmoja ni wa kushoto, haujahama tangu siku ya kwanza: ndipo utosi wangu unapofika nikisimama kwa vidole vya mguu huo. Ya kulia ni mingi, imepandana, na kila Ijumaa anaongeza mmoja, akinikemea nisiegemee mlango. Wa wiki iliyopita uko sentimita 2 chini ya ule wa kushoto. Mashua ilikwishaingia majini bamvua iliyofuata, bila mimi.